Shokapu Ilale Kiasi Gani?

Mhadhara kwa mafundi na madereva, Mikindani, Mtwara

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nashukuru mmeacha kazi zenu asubuhi hii mkaja kunisikiliza.

Nina jambo moja tu. Sisi mafundi tukisema pikipiki "imelala nyuma", tunamaanisha ni mbovu. Leo nataka tukubaliane kwamba shokapu nzima lazima ilale, yaani ishuke kidogo kwa uzito wa chombo na mtu. Ila ilale kwa kipimo, na kipimo hicho tukisome kwenye futi. Kubonyeza siti kwa kiganja na kusema "hii safi, nenda" si kupima.

Gurudumu lina safari mbili. Likikuta kisiki, linapanda. Likikuta shimo, linashuka. Wenye kwadi, hizi pikipiki za magurudumu manne, mnaijua njia ya mchanga ya kwenda Msimbati ilivyo na matuta madogo madogo yanayofuatana. Kama springi imekinyanyua chombo hadi mwisho wa juu, gurudumu likifika bondeni halina pa kushukia. Linaning'inia hewani, halishiki kitu. Na kama springi imelala kupita kiasi, gurudumu halina pa kupandia, chesisi inagonga chini.

Hili nimejifunza kwa uchungu. Mteja wangu mmoja aliniletea kwadi yake akalalamika inagonga nyuma. Nikachukua patasi na nyundo, nikakaza ringi inayoibana springi mpaka mwisho wa uzi wake. Akaondoka ameridhika. Siku ya tatu, kwenye mchanga, nyuma ilimrusha, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Nilipokwenda kumjulia hali alinipokea vizuri tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kuanzia siku ile sigusi ringi kabla sijapima.

Tunapimaje? Anza na upepo. Tairi la kwadi ni pana na linatumia upepo mdogo sana, mengi yako kati ya psi 4 na 7. Soma kibandiko cha chombo chenyewe. Wapo wanaolijaza kama tairi la bodaboda, kisha wanailaumu shokapu kwamba ni ngumu.

Halafu piga jeki chini ya chesisi mpaka magurudumu yaning'inie kabisa. Chagua alama mbili: katikati ya ekseli, na boliti moja ya chesisi iliyo juu yake wima. Tia rangi kidogo ili kila mara upime palepale. Soma futi, andika. Shusha chombo, kibonyeze mara mbili tatu, kiviringishe mbele hatua chache, pima tena. Mwisho apande dereva mwenyewe, na helmeti yake, na maji yake, na mzigo anaobeba kila siku. Akae anavyokaa akiendesha. Pima mara ya tatu.

Huko kuviringisha msikuruke. Mbele ya kwadi ikishuka, matairi yanatanuka kwenda pembeni. Chombo kikiwa kimesimama, matairi yanang'ang'ania sakafu na kukizuia kisishuke chote. Utasoma uongo. Kisukume kidogo, utaona mbele inajishusha yenyewe.

Sasa hesabu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Chukua kwadi ambayo gurudumu lake la nyuma linasafiri sentimita 24 kutoka juu hadi chini. Kwa chombo cha mbio na njia mbaya, tunaanzia kwenye theluthi: dereva akipanda, ilale kama sentimita 8. Ikiwa peke yake ilale kidogo tu, sentimita 2 au 3.

Ikining'inia, futi inasoma sentimita 58. Peke yake 54. Na dereva 46.5. Yaani imelala 4 peke yake, na 11.5 ikiwa na mtu. Imezidi. Tunakaza ringi, tunapima upya: peke yake 57.5, na dereva 50. Imelala 8 na mtu, vilevile tulivyotaka. Wengi hapa wangefunga kazi.

Tazameni tofauti. Mwanzo, uzito wa dereva uliishusha kutoka 4 hadi 11.5: sentimita 7.5. Baada ya kukaza, kutoka 0.5 hadi 8: sentimita 7.5. Mtu yuleyule, kushuka kulekule! Ringi haikuifanya springi kuwa ngumu. Imekinyanyua chombo tu. Na sasa kikiwa chepesi kimelala nusu sentimita, maana yake gurudumu la nyuma halina pa kushukia. Ndiyo kwadi niliyompa yule mteja wangu.

Dawa yake ni springi nyingine, ngumu zaidi. Tukaifunga na kupima: peke yake 55.5, na dereva 50. Dereva sasa anaishusha 5.5 tu. Hapo springi inamfaa mtu wake. Ingekuwa kinyume, kwamba ukipata 8 ya dereva chombo kitupu kimelala sana, basi springi ni ngumu mno kwake, tafuta laini.

Kuhusu kuzungusha ringi, osha uzi kwa brashi na maji kwanza. Mchanga wetu ukiingia pale unakula uzi kama msasa. Tia oili, tumia spana ya ndoano. Shokapu za mbele ni mbili, kwa hiyo pima urefu wa springi kulia na kushoto, viwe sawa.

Ndugu zangu wa bodaboda, msidhani haya hayawahusu. Shokapu zenu za nyuma zina ngazi chache za kuzungusha. Msimu wa korosho unabeba gunia la kilo 80 kutoka shambani: panda ngazi, pande zote mbili sawasawa. Ukishusha gunia, rudisha. Nimeona pikipiki ngapi zenye kulia ngazi ya nne na kushoto ya pili, dereva anasema inavuta upande mmoja!

Na kila ukibadilisha urefu wa nyuma, angalia mnyororo dereva akiwa juu, kwa sababu ulegevu wake unabadilika mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unapopanda au kushuka. Angalia na taa ya mbele, isimpige mwenzako machoni usiku.

Kwadi iko nje, tayari ipo juu ya jeki. Nahitaji mmoja wa kupanda, mmoja wa kushika futi, na mmoja mwenye mwandiko mzuri.