Usitoke Kituoni Bila Nambari ya OB: Mhadhara kwa Wakazi wa Roysambu Kuhusu Madereva Hatari

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, kina mama na kina baba, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Wengi wenu mmeshanisikia nikilizungumzia jambo hili, na huenda baadhi yenu mmeanza kuchoka nalo. Nitalisema tena hata hivyo, kwa kuwa bado sijauona mtaa wa Nairobi unaolitekeleza inavyopaswa. Hoja yangu ni kwamba dereva unayemwona akihatarisha maisha ya watu aripotiwe kwa polisi kabla hajamgonga mtu, aripotiwe kituoni na kwa maandishi, na wewe uliyeripoti usitoke kituoni hapo kabla hujapewa nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yako katika kitabu cha matukio cha polisi.

Hali ya barabara sitawasimulia, maana mnaishi kando ya Barabara Kuu ya Thika na mnaijua kuliko mimi. Ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka, na kundi kubwa kuliko mengine yote katika hesabu hiyo ni la watembea kwa miguu. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likagonga magari na kuwavamia wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu 52. Sitaji tukio hilo ili kumhukumu yeyote. Nalitaja kwa sababu watu hao hawakuwa ndani ya lori lile na hawakuwa na nafasi hata ya kumwomba dereva apunguze mwendo. Abiria anayenyamaza ndani ya gari linaloendeshwa vibaya anawanyamazia na watu wengine ambao hawajui hata kwamba gari hilo linawajia.

Sasa nisikilizeni kisa cha nyanya mmoja wa mtaa wa jirani, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuniruhusu. Wajukuu wake walikuwa wakipelekwa shule kwa gari dogo la manjano, na wazazi wote wa njia ile walijua jinsi lilivyoendeshwa. Muhula mzima walilalamika kwenye kundi lao la simu. Mmoja aliandika kwamba dereva ni mwendawazimu, mwingine akajibu kwa alama za kulia, wa tatu akasema Mungu atawalinda watoto, na kesho yake asubuhi wote wakawapandisha watoto wao gari lile lile. Nyanya huyu hakuwa kwenye kundi hilo, kwa kuwa simu yake ilikuwa ya vibonyezo. Alichokuwa nacho ni daftari la mjukuu lililobaki kurasa chache, na humo ndimo alimoandika. Ukurasa wa kwanza niliuona kwa macho yangu. Ulikuwa na siku, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nambari ya usajili wa gari, na maelezo kwamba gari lilitoka kwenye msongamano likaendeshwa upande usio wake hadi mbele ya duka la dawa, kisha likapanda njia ya waendao kwa miguu, huku mlango ukiwa wazi na watoto wawili wakiwa wamesimama kwenye ngazi yake. Hakuandika neno lolote kuhusu akili ya dereva wala tabia yake.

Akaenda kituoni. Askari aliyekuwa kwenye meza ya kupokea taarifa alimuuliza, “Shosho, kuna mtu ameumia?” Akajibu, “Hapana, afande, na ndiyo maana nimekuja leo.” Askari akamwambia kwamba pasipo ajali hapana kesi, akamshauri aende akazungumze na mwalimu mkuu. Hapo wengi wetu tungeondoka, halafu tukawa na la kuwasimulia majirani juu ya ubaya wa polisi. Yeye aliketi kwenye benchi, na kila askari aliyepita alimwambia kwa heshima kwamba anangoja taarifa yake iandikwe. Ikaandikwa. Akaomba nambari, akapewa, akainakili katika daftari lile lile na kwenda nayo kwa mzazi mwingine, ambaye naye alienda kutoa maelezo yake chini ya nambari hiyo hiyo. Askari wa trafiki waliposimamisha gari hilo na kulikagua, walikuta leseni ya dereva haimruhusu kubeba abiria. Nyanya aliitwa mahakamani, akaenda, kesi ikaahirishwa, akaenda tena. Watoto sasa wanaendeshwa na mtu mwingine.

Askari yule wa mezani alikosea, na hili nataka mlishike vizuri. Sheria yetu ya trafiki haingoji damu. Kuendesha gari kwa namna inayohatarisha umma ni kosa kwa nafsi yake, hata kama kila mtu alifika nyumbani salama. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa aina hiyo ni kosa jingine, ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 10. Anayewaambia kwamba hakuna kesi mpaka mtu aumie anawaelekeza kwenye kosa la pili huku akiliruka la kwanza.

Angalieni pia namna nyanya alivyoandika. Sheria hiyo hiyo haimruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa kosa la kuzidisha mwendo kwa maoni tu ya shahidi mmoja anayesema kwamba, kwa alivyoona yeye, gari lilikuwa likienda kasi mno. Kwa hiyo ukifika kituoni ukasema “alikuwa anakimbia sana” na ukakomea hapo, umewapa polisi kitu chepesi mno. Lakini ukisema alilipita lori kwenye kona huku gari lingine likija mbele likalazimika kutoka barabarani, ukataja mahali, saa na nambari ya usajili, na aliyekaa kando yako akasema hayo hayo kwa maneno yake mwenyewe, kiongozi wa mashtaka atakuwa na kitu cha kushika.

Najua mnachotaka kuniambia, kwa kuwa huambiwa hivyo kila ninapokwenda. Mtasema polisi ndio hao hao wanaopokea kitu kidogo barabarani, basi kumpeleka dereva kwao ni kuwaongezea mapato. Nakubali kwamba hongo ipo, na nachukizwa nayo kama nyinyi. Hata hivyo, hongo ya barabarani huwa rahisi kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Noti hupita dirishani, gari huondoka, na tukio huwa halikutokea kamwe. Taarifa iliyoingia katika kitabu cha matukio ina nambari, tarehe, jina la aliyeileta na jina la aliyeipokea. Mwezi ujao unaweza kumwendea mkuu wa kituo ukamuuliza nini kilifanyika kuhusu nambari hiyo. Asipokujibu, iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili kupokea malalamiko dhidi ya askari, na utaiendea ukiwa na kitu mkononi. Sisemi kwamba maandishi yanamaliza rushwa. Nasema yanaifanya iwe ngumu na ya hatari kwa anayeipokea. Mtu anayekataa kuandikisha kwa sababu ya rushwa anamhakikishia mla rushwa kwamba hatasumbuliwa.

Wengine husema hiyo ni kumchongea mtu, na kwamba dereva ana watoto wanaomtegemea. Hoja hii huniudhi, na sitaficha. Yule mama muuza mboga anayevuka pale Githurai hana watoto? Anayeripoti hamfungi mtu. Katiba, katika Kifungu cha 50, inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, naye atasikilizwa, atakuwa na wakili akitaka, na atauliza mashahidi maswali. Na kama hofu yako ni watu wenye fitina, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamwadhibu anayempa afisa wa umma habari anazojua kuwa ni za uongo. Sheria imewafikiria wote wawili. Ambaye hakufikiriwa na yeyote ni muuza mboga, ikiwa sisi tuliomwona dereva tutanyamaza.

Kisha wako wanaodhani wamesharipoti kwa sababu walipiga video na kuitia mtandaoni. Vijana, nawasemesha nyinyi hasa. Ile video inasambaa, watu wanatukana, kesho inakuja nyingine, na dereva anaendelea na safari zake za Thika. Ili rekodi ya simu ipokewe kama ushahidi, Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inadai cheti kutoka kwa mhusika kinachoeleza kifaa kilichotumiwa na jinsi rekodi ilivyotolewa. Video iliyopita katika simu za watu mia, ikakatwa na kuwekewa muziki, itapewa cheti na nani? Ihifadhini kama ilivyo katika simu iliyoipiga, msiikate, na aliyeipiga aende nayo kituoni yeye mwenyewe. Wala usiipige ukiwa umemwelekezea dereva simu usoni ukiwa bado ndani ya gari lake.

Hapo naingia kwenye hofu ya kulipiziwa, ambayo ni ya haki na siidharau. Unapanda gari steji ile ile kila asubuhi na makanga anakujua kwa sura. Huna lazima ya kugombana. Shuka salama, andika ungali unakumbuka, na ukiona kituo cha karibu kina mazoea mno na watu wa steji, nenda kituo kingine. Nenda na mwenzako. Ukitishwa, na hilo liandikishe pia. Nchi ina Sheria ya Kulinda Mashahidi tangu 2006, na vitisho vilivyoandikwa ndivyo vinavyoweza kushughulikiwa.

Mzee mmoja aliniuliza juzi kwa nini abiria wasimkemee dereva papo hapo. Wamkemee! Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliweka vibandiko ndani ya matatu za masafa marefu hapa Kenya, vikiwahimiza abiria wapaze sauti, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011 madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Utafiti wao mkubwa zaidi, wa mwaka 2015, ulionyesha upungufu wa robo hadi thuluthi. Kwa hiyo sauti ya abiria inafanya kazi, lakini inafanya kazi kwa dereva anayesikia. Mlevi hasikii, na anayeshindana na gari la chama kingine cha matatu hasikii. Tena ukishashuka wewe, wanaopanda nyuma yako hawajui kwamba alishakemewa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi kuhusu bodaboda na kuhusu magari ya kibinafsi yanayotoka kwenye baa usiku wa Ijumaa, nayo itabidi yangoje siku nyingine. Kwa sasa jueni tu kwamba taratibu ni ile ile. Kwa matatu, mbali na polisi, mpelekeeni taarifa mwenyekiti wa chama chake, ambacho jina lake limeandikwa ubavuni, na nakala iende NTSA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, kwa kuwa hao ndio wanaotoa leseni ya kubeba abiria. Wala msikimbilie kituoni kwa kila honi na kila anayechomekea kwenye foleni. Pelekeni ulevi, mashindano, kulipita gari kwenye kona, kuendesha upande usio wake na kwenye njia ya waendao kwa miguu, na watoto wa shule waliojazwa kama waliobebwa na yule dereva wa gari la manjano.

Jumamosi saa tatu asubuhi, wale wazazi wa Barabara ya Kamiti walioniletea nambari ya basi moja kabla ya kikao hiki watakwenda kuiandikisha, nami nitafuatana nao. Anayetaka kuja aandike jina lake kwenye karatasi iliyo kwa katibu, aje na kitambulisho, na aje na aliyoyaona akiwa ameshayaandika. Sasa nasikiliza maswali.