Tangu Lini? Kusoma Vihesabu vya Mtandao

Ndugu zangu, nikiwaambia malori elfu tatu yamepita hapa Malaba, mtaniuliza kwanza: tangu lini? Leo asubuhi au tangu mwaka jana? Lakini ruta ikituonyesha makosa elfu tatu, swali hilo tunalisahau, tunakimbilia koleo.

Mimi pia nimeponzwa. Poti moja (tundu la kuchomekea kebo) ilionyesha makosa ya CRC 48,112, yaani mara ambazo ukaguzi wa data uligundua imeharibika. Nikamwambia mwenye duka anunue kebo mpya, akanunua kwa shingo upande. Jioni nikafungua daftari langu: miezi miwili nyuma niliandika namba ile ile, 48,112! Ruta ilikuwa kwenye betri ya sola, haijazimika siku nyingi (kwa umeme wetu huu, nani angefikiri?), nayo ilibeba madhambi ya zamani.

Kihesabu, yaani namba hiyo ya kifaa, hujumlisha tangu kifaa kiwashwe au mtu akifute. Kisome mara mbili, andika saa, kisha toa. Tofauti ndiyo habari.

Tena angalia ni kihesabu gani. CRC ikipanda, data inaharibika njiani: chunguza waya, plagi, poti. Zikipanda pakiti (vifurushi vya data) zilizotupwa, mara nyingi foleni ya data inayosubiri kupita imejaa, na hapo waya mpya ni hasara tupu.

Kuna na mtego wa kihesabu cha biti 32. Kikifika 4,294,967,295 kinarudi sifuri. Kwenye laini ya gigabiti 1 iliyojaa, kihesabu cha baiti huzunguka kila sekunde 34 hivi. Programu inayosoma kila dakika 5 itakosa mizunguko minane, halafu ikuchoree grafu nzuri ya uongo. Chagueni kihesabu cha biti 64 kifaa kikiwa nacho.

Swali la mama pale nyuma, kuhusu mtr, programu ya aina ya traceroute inayoonyesha kila ruta njiani na pakiti zilizopotea: ruta ya katikati inaonyesha upotevu wa asilimia 60, ya mwisho sifuri. Mama, hiyo ya katikati haijapoteza kitu chako. Kazi yake ni kupitisha pakiti. Kukujibu wewe ni hisani, nayo hupunguza majibu kwa makusudi. Shaka ianze pale upotevu unapoanzia na kuendelea hadi mwisho wa safari.

Haya, fungueni kompyuta. Poti ya pili kwenye swichi hii, nani anisomee? Andikeni namba na saa. Tunywe chai, tukirudi tutaisoma tena.