Ukitamka "Halisi" Ukiwa Laivu: Sheria Zinazomgusa Anayeuza Bidhaa Mubashara Mtandaoni

(Mhadhara kwa wafanyabiashara wa mtandaoni, Kariakoo, Dar es Salaam)

Ndugu wafanyabiashara, dada zangu na kaka zangu, asanteni kwa kuja. Najua jioni ndiyo saa zenu za kazi, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta. Kila unachokitamka mbele ya simu ukiwa laivu kinaweza kuwa sehemu ya mkataba wako na mteja. Wengi wetu tumezoea kwamba mkataba ni karatasi yenye saini na muhuri. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai hivyo. Pendekezo likitolewa, likakubaliwa, na kila upande ukatoa kitu, mkataba umeshazaliwa, hata kama yote yamepita kwenye komenti.

Kwetu laivu inaguswa na sheria kadhaa kwa pamoja: hiyo ya mikataba, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria za kodi. Sitazipitia moja moja. Nitachukua gauni moja tuone linavyozigusa.

Muuzaji ameinua gauni mbele ya taa ya duara, anasema: "Namba kumi na nne jamani! Lineni halisi, mzigo wa Uturuki, saizi 12, elfu thelathini na tano, wa kwanza kuandika YANGU kachukua!" Maneno hayo hayachukui hata sekunde 10.

Anza na "lineni halisi". Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, Sheria ya Mauzo inaweka sharti kwamba lazima ilingane na maelezo hayo. Mteja wa Tabata hajaligusa gauni, hajakivuta kitambaa, amekuamini mdomo. Likifika na lebo ya ndani inasema poliesta, ana haki ya kulikataa na kudai fedha yake. Hapa wengi hujitetea: "Na mimi nilidanganywa na aliyeniuzia kule Guangzhou." Utetezi huo haumhusu mteja wako. Sharti la maelezo halipimwi kwa nia yako; linapimwa kwa kitu kilichofika. Wewe mdai aliyekuuzia, lakini mteja atakudai wewe. Kama hujasoma lebo, usiseme lineni. Sema "kitambaa chepesi, hakina mpira", jambo unaloliona kwa macho yako.

"Saizi 12" nayo ina matatizo yake, na ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Nguo za viwanda vya China zenye lebo ya L mara nyingi ni ndogo kuliko L ya Ulaya. Weka futi ya kupimia mezani, laza nguo bapa, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, na urefu kutoka begani, kisha utaje kwa sentimita mbele ya kamera. Inachukua nusu dakika. Rangi nayo: taa nyeupe kali huifanya krimu ionekane nyeupe na rangi ya damu ya mzee ionekane nyekundu. Onesha nguo mara moja dirishani au ukiwa umezima taa ya duara, na useme unachofanya.

Tuje kwenye "mzigo wa Uturuki". Mahali bidhaa ilikotengenezwa ni jambo zito. Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inakataza maelezo ya uongo ya biashara, na nchi ya asili ni mojawapo ya maelezo hayo. Tuwatazame China, ambako uuzaji wa laivu umekomaa na sheria zake zimekomaa nao. Septemba 2024, kampuni ya Three Sheep iliuza laivu keki za sikukuu ya mwezi zikinadiwa kama chapa ya kifahari ya Hong Kong. Ikabainika kwamba zilitengenezwa Guangzhou na Foshan, na Hong Kong kwenyewe haziuzwi. Mamlaka za mji wa Hefei ziliitoza faini na kuinyang'anya mapato, jumla yuan milioni 68.9, na kuisimamisha biashara. Keki hazikuwa na sumu. Kosa lilikuwa neno lililotamkwa kuhusu zilikotoka. Kanuni za China za uuzaji wa laivu, zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2021, zinamgusa mwenye akaunti inayorusha laivu, anayenadi mbele ya kamera, na hata jukwaa linalorusha matangazo. Kwa hiyo wale mnaolipwa kunadi bidhaa za watu wengine, msijione mko nje ya hatari. Hapa kwetu pia, anayetoa kauli ya kupotosha katika biashara anawajibika kwa kauli yake.

Sasa "wa kwanza kuandika YANGU kachukua". Kwa kawaida kuonesha bidhaa na bei ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa pendekezo na wewe unabaki na uhuru wa kukubali au kukataa. Lakini ukishasema wa kwanza kachukua, umejifunga: umetoa pendekezo kwa wote wanaotazama, na atakayetimiza ulichotaka anaweza kusema mkataba umekamilika. Ubaya ni kwamba komenti hazifiki kwa mpangilio mmoja kwenye kila simu. Mtu wa Mbeya mwenye mtandao mzito anajiona wa kwanza, na wa Sinza naye anajiona wa kwanza, na kila mmoja ana picha ya skrini yake. Ondokaneni na maneno hayo. Tangazeni mwanzoni mwa laivu, mrudie kila baada ya dakika 20 kwa sababu watazamaji wanaingia na kutoka, na myabandike yabaki juu ya komenti zote maneno haya: "Oda inakamilika pale tutakapokutumia ujumbe wa kuthibitisha na ukalipa ndani ya dakika 15. Kabla ya hapo bidhaa bado iko sokoni."

Ujumbe huo wa kuthibitisha una kazi nyingine. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, kifungu cha 28, inamtaka muuzaji ampe mlaji jina lake kamili na hadhi yake kisheria, anwani na mawasiliano, na sifa kuu za bidhaa. Inamtaka pia ampe nafasi ya kuupitia muamala wote, kurekebisha makosa, na kujitoa kabla ya kuweka oda. Kwenye laivu nafasi hiyo haipo, kwa sababu kila kitu kinakimbizwa. Basi itengenezeni kwenye WhatsApp. Ujumbe mmoja tu: jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, duka liko mtaa gani, namba ya simu, gauni namba 14, kitambaa, vipimo, bei, nauli ya boda, lini litafika, na mstari wa mwisho, "Ukikubali jibu NDIYO, ukitaka kubadilisha sema sasa." Uandaeni mapema, mbadilishe namba na bei tu.

Kuna jambo la zamani kidogo ambalo mawakili hulipenda. Sheria ya Mauzo inasema mauzo ya bidhaa ya shilingi 200 na kuendelea hayatekelezeki mahakamani mpaka mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa malipo au sehemu yake, au kuna maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa. Shilingi 200 leo ni fedha ndogo sana, kwa hiyo inagusa karibu kila kitu mnachouza. Sheria ya 2015 imeyapa maandishi ya kielektroniki hadhi, lakini komenti ya "YANGU" kutoka akaunti yenye jina la utani ni msingi dhaifu sana wa kumdai mtu aliyepotea. Advansi kwa lipa namba inaufunga mkataba vizuri zaidi kuliko komenti 100. Na lipa namba hiyo isomeke jina la biashara mlilolitangaza. Mteja akiona jina la mtu asiyemjua, ana haki ya kusita.

Wanaofanya minada laivu, sikilizeni kwa makini. Mnada una sheria zake. Anayenadi kwa mnada anahitaji leseni chini ya Sheria ya Madalali wa Mnada, Sura ya 227. Kwa Sheria ya Mauzo, mnada unakamilika pale nyundo inapoanguka au inapotolewa ishara nyingine ya kawaida, na kabla ya hapo aliyetaja bei anaweza kuifuta. Muuzaji hawezi kutaja bei mwenyewe wala kumtuma mtu amtajie, ila kama alitangaza wazi kwamba amejiwekea haki hiyo. Nayasema haya kwa sababu kuna tabia ya admini kuingia na akaunti ya pili akipandisha: "elfu hamsini", "elfu sitini". Mnada wa namna hiyo mnunuzi anaweza kuuhesabu kuwa wa ulaghai. Acheni kabisa. Unamwibia mtu aliyekuamini, na yeye hana hata njia ya kuona.

"Bei njoo inboksi" pia iacheni. Inamnyima mteja nafasi ya kulinganisha, na inakuvuta kumtajia kila mtu bei kwa kadiri ya picha yake ya wasifu. "Ilikuwa laki, leo elfu 40" iseme tu kama kweli uliwahi kuiuza laki. "Vimebaki vipande 3" iseme kama vimebaki 3. Sheria ya Ushindani inakataza mwenendo wa kupotosha, bei ikiwemo. Na bei itajeni kwa shilingi: kanuni za Machi 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza bei za bidhaa za hapa nchini kwa dola.

Kuna bidhaa ambazo hazifai kuingia laivu kabisa. Nguo za ndani za mitumba ni marufuku. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku, na chupa isiyo na orodha ya viambato msiiguse. Vyakula na vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Dawa, na chochote unachosema kinatibu, kiko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Angalia hilo la mwisho: chai ya kawaida ya majani ukisema laivu "inaondoa presha", umeivusha kutoka kwenye chakula na kuiingiza kwenye dawa kwa mdomo wako mwenyewe.

Usafirishaji. Muuzaji akimkabidhi bidhaa msafirishaji kama mnunuzi alivyoelekeza, kwa kawaida sheria inahesabu amemkabidhi mnunuzi. Lakini anatakiwa afunge makubaliano ya busara na huyo msafirishaji. Kumpa boda aliyepita barabarani, bila namba yake wala ya pikipiki, si busara, na mzigo ukipotea mnunuzi anaweza kukataa kubeba hasara. Kwa basi la mkoani kutoka Mbezi, chukua stakabadhi ya mzigo iliyoandikwa kilichomo na thamani yake, na picha yake umtumie mteja kabla gari haijatoka. Naye mteja, hata akiwa ameshalipa, hahesabiwi kuwa ameikubali bidhaa mpaka apate nafasi ya kutosha kuikagua. Kwa hiyo mwombe afungue kifurushi huku anarekodi. Video hiyo inawalinda wote wawili.

Halafu ule mstari wa kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi". Risiti inafika baada ya mkataba kukamilika. Sharti lililoletwa baada ya watu kukubaliana limechelewa, halimfungi mteja. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inampa mlaji haki ya kufuta muamala katika mazingira kadhaa, kwa hiyo isomeni sehemu yake ya ulinzi wa mlaji kabla ya kuandika masharti yenu. China wameweka siku 7 za kurudisha bila sababu kwa manunuzi ya mtandaoni, isipokuwa vitu kama vinavyoharibika haraka na vilivyotengenezwa kwa oda maalumu. Ushauri wangu ni muige hizo siku 7, mzitaje laivu, na mseme nani analipa nauli ya kurudisha.

Tazameni pia kilicho nyuma yenu kwenye kamera. Mara nyingi unaona vifurushi vimepangwa, vimeandikwa kwa maka pen: jina, simu, mtaa. Watu 2,000 wanasoma. Hizo ni taarifa binafsi, na tangu Mei 2023 sheria yake inatumika. Geuzeni vifurushi au muvitoe fremuni. Kusoma namba ya simu ya mteja kwa sauti, au kurusha ujumbe wa muamala ili kuthibitisha mmelipwa, ni kosa lilelile. Someni tarakimu 3 za mwisho tu.

Kodi nitaipita haraka kwa sababu TRA, Mamlaka ya Mapato, wana maofisa wa kuwaeleza. Mauzo ya laivu ni mauzo: TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, na risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti, kwa anayetakiwa kuwa nayo, iingie ndani ya kifurushi. Tangu Julai 2023 kiwango cha kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Laivu za kila usiku zinaweza kukufikisha huko kabla hujajua, na kumbukumbu za miamala ya simu zinabaki.

Nimeacha jambo la ushahidi hadi sasa kwa sababu ndilo linaloangusha kesi. Instagram huhifadhi laivu yako siku 30 kwenye kumbukumbu, kisha inafutika. Facebook nayo tangu Februari 2025 ni siku 30. Madai ya mkataba kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, yana miaka 6, na kumbukumbu za kodi unatakiwa uzitunze miaka 5. Kwa hiyo pakueni laivu usiku uleule, kabla ya kulala, faili ipewe jina la tarehe na saa. Msikate, msiunganishe vipande, kwa sababu mahakama ikipima ushahidi wa kielektroniki inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujaguswa. Pamoja na video, mtu mmoja akae pembeni na daftari au jedwali: namba ya bidhaa, dakika iliponadiwa, maelezo yaliyotamkwa, bei, aliyethibitishiwa, kumbukumbu namba ya malipo, aliyebeba, saa ya kuondoka. Na ukirudisha fedha, irudishe kwenye namba ileile iliyolipa, hata mteja akiomba uitume kwa namba nyingine, kisha uandike kumbukumbu namba ya marejesho kwenye mstari uleule wa oda.