Kati ya Kisigino na Vidole: Mhadhara kuhusu Pedali ya Ekspresheni

Shikamooni wakubwa zangu mlioketi mbele, na vijana habari zenu. Mliokuja na pedali, ziacheni kwanza chini ya kiti. Tuanze na hii yangu, pedali ya ekspresheni: unaikanyaga kwa mguu ili kubadilisha efekti za gitaa, yaani mapambo ya sauti, huku mikono inaendelea kupiga.

Nimeing'oa bamba la chini ili mwone ilivyo tupu. Hamna betri. Kuna kigurudumu kidogo chenye meno, kuna ukanda wenye meno unaokizungusha, na kuna potenshiomita moja, yaani kikinzani cha umeme kinachobadilika ukikizungusha, ndugu yake ile iliyo chini ya kifundo cha sauti kwenye gitaa lako. Basi. Mtu akikuambia pedali ya ekspresheni fulani ina "sauti tamu", mcheke kwa heshima, maana sauti ya gitaa haipiti humu hata kidogo.

Hapo ndipo inapoachana na pedali ya volyumu. Kwenye ile ya volyumu, mawimbi yenyewe ya gitaa yanaingia upande mmoja na kutokea mwingine, ndiyo maana ni muhimu umeiweka wapi. Ukiitanguliza kabla ya ovadraivu, ile efekti ya kukwaruza sauti, ukipunguza unapunguza ukali wa sauti. Ukiiweka mwisho kabisa baada ya dilei, ile efekti ya kurudia noti kama mwangwi, ukiifunga unakata na mwangwi uliokuwa bado unaelea. Mimi huiweka katikati, baada ya ovadraivu na kabla ya dilei, noti inyanyuke kama fidla na mkia wake ubaki hewani. Pedali ya ekspresheni haina shida hizo. Yenyewe haibebi muziki, inabeba habari moja tu: mguu uko wapi.

Habari hiyo inafikaje? Kifaa cha efekti kinatuma volteji ndogo kwenye pedali. Potenshiomita inaigawa kulingana na ulivyokanyaga, na sehemu iliyobaki inarudi kwenye kifaa, kinaipima na kuigeuza namba. Kuna njia ya kwenda, njia ya kurudi na njia ya ardhi, kwa hiyo unahitaji waya wa stereo, wenye plagi ya sehemu tatu: ncha, pete na mwili. Waya wa kawaida wa gitaa una njia mbili tu, na plagi yake inaunganisha pete na ardhi. Nililijua hilo kwa aibu. Siku moja nilisahau waya wangu nyumbani, nikaazima wa gitaa kwa mpiga besi, na taa zilivyowaka nikaanza kukanyaga. Nilikanyaga wimbo mzima kama fundi cherehani, namba kwenye kioo haikutikisika. Watu walinipigia makofi, lakini mimi na mpiga besi tulijua.

Kuna mtego wa pili, nao ni mbaya zaidi kwa sababu pedali inaonekana kama inafanya kazi. Watengenezaji hawakukubaliana njia ya kurudi ikae wapi. Roland wanaiweka kwenye ncha, Yamaha kwenye pete. Ukichomeka pedali ya utaratibu mmoja kwenye kifaa cha utaratibu mwingine, usitegemee igeuke tu, juu kuwa chini. Inabana. Namba inakaa karibu pale pale safari nzima ya mguu, halafu inaporomoka ghafla mwishoni. Ukiona hivyo, usiilaumu potenshiomita. Tafuta kama pedali ina swichi ya kugeuza njia, la sivyo tengeneza kiwaya kifupi kinachobadilishana ncha na pete. Kazi ya dakika kumi kwa mwenye chuma cha kulehemu. Kuhusu omu, yaani kipimo cha ukinzani wa potenshiomita, iliyozoeleka ni 10,000. Ukikuta ya 50,000 au 100,000 mara nyingi itafanya kazi, ila kwenye baadhi ya vifaa mwendo utapinda, mabadiliko yote yatarundikana upande mmoja.

Halafu kalibresheni, yaani kukifundisha kifaa mwanzo na mwisho wa pedali uko wapi. Wengi huifanya wameketi, pedali ipo mapajani, wanaibonyeza kwa kiganja hadi mwisho kabisa. Jukwaani wanashangaa namba inaishia 94. Kifaa kilifundishwa kwamba "mwisho" ni nguvu ya kiganja chako, na mguu uliosimama, wenye kiatu, huku mwili umeegemea mguu wa pili, haufiki pale. Simama. Vaa viatu unavyopigia. Kanyaga kawaida.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Karibu kila kifaa cha kisasa kinakuruhusu kuamua kisigino kikiwa chini thamani iwe ngapi, na vidole vikiwa chini iwe ngapi. Kiwandani vimewekwa sifuri na mia. Na watu wanaviacha hivyo hivyo! Mguu ni kiungo cha kutembelea. Haujafundishwa kuchagua kati ya 41 na 42 huku mikono inacharaza na macho yanamwangalia mwimbaji. Ukiupa uwanja wa sifuri hadi mia, utaupata mwanzo na utaupata mwisho, na kila kilicho katikati kitakuwa bahati nasibu.

Sikilizeni dilei hii. Nimefunga marudio yake kwenye pedali, sifuri hadi mia. Napiga noti moja, nasogeza mguu... mmesikia? Ikikaribia mia, kila mwangwi unarudi na nguvu ile ile ya uliotangulia, unapandana na mwenzake, mpaka amplifaya inalia. Samahanini wa mbele. Sasa naweka kisigino 20 na vidole 60. Noti ile ile, mguu ule ule. Kisigino: mwangwi mmoja unaosikika vizuri, basi. Nusu ya njia: mitatu, minne. Vidole: mkia mrefu, lakini unakufa wenyewe. Safari yote ya pedali imekuwa muziki, hamna pahali pa hatari. Na kama kweli unautaka ule ukichaa, upe swichi yake mwenyewe ya kubonyeza na kuachia. Ukiachia unakoma.

Muda wa dilei, kwa upande mwingine, sikushauri uufunge kwenye pedali, labda unatafuta sauti za ajabu. Kwenye dilei za analogi na zile zinazoiga mkanda, muda ukibadilika mwangwi uliomo ndani unapanda au kushuka noti. Unachekesha mara moja.

Utamu wenyewe unaanza ukifunga vipengele kadhaa kwenye pedali moja, vingine vikienda kinyume. Huu ni mpangilio wangu wa wimbo wa taratibu wenye solo. Kisigino kikiwa chini: geini (kiasi cha ukali wa ovadraivu) 30, sauti ya jumla 80, mwangwi wa ukumbi 40. Vidole vikiwa chini: geini 65, sauti 72, mwangwi 18. Geini inapopanda noti zinajaa na kurefuka, na mwangwi mwingi juu yake ni matope, kwa hiyo unashuka. Sauti ya jumla nayo inashuka kidogo, kwa sababu geini yenyewe inaongeza ukubwa wa sauti na mpiga kinanda ataanza kukutazama vibaya. Msikilizaji hasikii vipengele vitatu. Anasikia gitaa limesogea mbele hatua moja. Mpangilio huu ulinichukua jioni mbili, na muda mwingi niliutumia kupunguza namba.

Kwa wanaotumia MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki hutumiana amri, habari ni ile ile ila ina ngazi. MIDI ilitoka mwaka 1983, na ujumbe wake wa kawaida wa kudhibiti unabeba thamani kuanzia 0 hadi 127. Ngazi 128, si zaidi. Pedali ya ekspresheni kwa desturi hutuma kwenye namba 11. Namba 7 ni ya sauti ya jumla, kwa hiyo chungulia kabla hujatuma. Na hapa mipaka ina siri: iweke kwenye kifaa kinachopokea, siyo kwenye kidhibiti kinachotuma. Ukimwambia mtumaji aishie kati ya 40 na 70, umebaki na ngazi 31 kwa mguu mzima, na kwenye kichujio utazisikia, kr-kr-kr, kama mtu anashuka ngazi na kandambili. Ukimwacha atume zote 128 na mpokeaji azibane ndani ya uwanja mdogo, unapata ulaini wote. (Na ukiita programu, yaani mpangilio uliohifadhiwa, ikaja ya jirani yake, angalia kama kifaa kimoja kinahesabu kuanzia 0 na kingine 1. Usifungue kitu.)

Swichi nazipita haraka. Kuna ya kuachia, inayofanya kazi ukiwa umeikanyaga tu, na kuna ya kukaa, inayobaki ilivyo hadi uikanyage tena. Ukilazimika kukanyaga mara mbili ndipo efekti iwake, umechanganya aina. Ya kugonga mwendo, unayoikanyaga kwa mapigo ya wimbo ili dilei iufuate, ina hesabu ndogo: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Mapigo 120 ni milisekunde 500. Na kwa ovadraivu, naomba nisutwe kama nakosea, kidhibiti kizuri kuliko vyote hakiuzwi: ni kifundo cha sauti cha gitaa lako mwenyewe.

Nachukua swali moja kabla hatujatoa pedali chini ya viti. Naam, dada, uliza.

Anauliza kama pedali moja inaweza kuendesha vifaa viwili kwa waya uliogawanyika. Hapana, dada yangu, usiugawanye. Kila kifaa kinatuma volteji yake, na ukiziunganisha zinapambana ndani ya potenshiomita moja. Ukibahatika, namba zitacheza cheza. Usipobahatika unaharibu kifaa. Chomeka pedali kwenye kifaa cha kwanza, kiambie kitume mwendo wake kwa MIDI kwenda cha pili, na kila kimoja ukiwekee mipaka yake. Una waya wa MIDI hapo? Lete, tuufunge sasa hivi.