Nasikia, Lakini Sielewi: Mazungumzo Kuhusu Kazi ya Mtaalamu wa Usikivu

SALIM: Karibuni katika kipindi chetu. Leo tunaizungumzia kada ya afya ambayo wengi huifahamu pale tu daktari wa masikio, pua na koo anapowaandikia karatasi ya kwenda kupima usikivu. Dada Neema, hii ndiyo kazi yako. Daktari huyo anaishia wapi, na wewe unaanzia wapi?

NEEMA: Asante, Kaka Salim. Daktari hutibu ugonjwa wa sikio: husafisha usaha, huziba ngoma iliyotoboka, na hupasua inapobidi. Mimi sipasui wala siandiki dawa. Wajibu wangu ni kupima mtu anasikia kiasi gani, kubaini hitilafu iko sehemu gani ya njia ya sauti, kisha kumrudisha katika mazungumzo kwa kadiri inavyowezekana, na hilo la mwisho ndilo linalochukua miaka. Taaluma hii ilikua Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na mara baada yake, askari waliporudi wakiwa wameharibiwa masikio na milio ya mizinga.

SALIM: Nikiingia katika chumba chako kisichopitisha sauti, unanifanyia nini?

NEEMA: Unavaa visikilizio, unashika kitufe, na kila usikiapo mlio unabonyeza, hata uwe hafifu namna gani. Ukibonyeza nashusha sauti kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Usipobonyeza napandisha 5, hadi nipate kiwango cha chini unachokisikia, nikianzia kwa kawaida na hezi 1000, kisha masafa mengine kati ya hezi 250 na 8000, yaani kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Majibu nayachora kwenye chati: sikio la kulia kwa duara jekundu, la kushoto kwa msalaba wa bluu. Fundi aliyechomelea vyuma miaka mingi bila kinga ya masikio, mstari wake mara nyingi hubonyea karibu na hezi 4000, na nikiuona huuliza kazi yake kabla hajaniambia.

SALIM: Wapo wanaosema, "Nasikia, lakini sielewi." Nyumbani huwa tunasema wanajifanya.

NEEMA: Hao husema kweli tupu. Irabu zina nguvu, kwa hiyo zinawafikia; konsonanti kama s, f na t, ambazo ziko katika masafa ya juu, ndizo hupotea mapema, hivyo "paka", "taka" na "kaka" huwa kama neno moja, hasa penye kelele. Ndiyo maana milio peke yake haitoshi. Lazima nipime pia kwa maneno, tena ya lugha anayoizungumza mgonjwa. Orodha za Kiingereza zinazotumika sana zimejengwa kwa maneno ya silabi moja, ambayo sisi tunayo machache mno, kwa hiyo hazitafsiriki. Ukimpima bibi wa Pangani kwa orodha hizo, umempima Kiingereza chake, si masikio yake.

SALIM: Na mtoto mchanga, asiyeweza kubonyeza kitufe?

NEEMA: Sikio la ndani lililo zima hutoa mwangwi hafifu wa kwake linapopokea sauti. Mtoto akiwa amelala, tunaweka mlangoni mwa sikio kifaa kidogo chenye maikrofoni, tunaupokea mwangwi huo. Ukikosekana tunarudia, kisha tunabandika elektrodi, yaani vibandiko vya kunasa umeme wa mwili, kichwani kuona jinsi mshipa wa fahamu unavyoitikia. Mwongozo unaojulikana zaidi unataka mtoto achunguzwe kabla ya kutimiza mwezi 1, jibu la uhakika lipatikane kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Mimi bado naletewa watoto wa miaka mitatu ambao familia iliambiwa isubiri, kwa kuwa "hata baba yake alichelewa kusema."

SALIM: Akishapewa shimesikio, kile kifaa cha kuvaa cha kukuza sauti, kazi imekwisha?

NEEMA: Hapo ndipo inapoanza. Kwanza nachukua umbo la sikio, ili kifaa kikae sawasawa: nasukuma ndani kipande cha sponji chenye uzi, ili kuilinda ngoma, kisha najaza ute unaoganda na kuuvuta taratibu. Mtoto anakua, kwa hiyo umbo hilo hurudiwa tena na tena, la sivyo kifaa kitapiga mluzi na mama atakifungia kabatini. Huku pwani jasho na unyevu huingia katika mrija wa kifaa, kwa hiyo namfundisha mama kukihifadhi usiku ndani ya kopo lenye chembe za kufyonza unyevu. Kifaa kikiwa hakimfai, kuna upandikizaji wa kifaa cha usikivu ndani ya sikio, ambao Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliuanza mwaka 2017, na hapo napima kabla ya upasuaji na kurekebisha mitambo baadaye. Familia nyingine huchagua Lugha ya Alama, na ni wajibu wangu kuwaeleza njia hiyo kwa heshima ileile.

SALIM: Kuna mgonjwa ambaye hupaswi kukaa naye?

NEEMA: Yupo. Aliyeamka asubuhi sikio moja limezima ghafla, bila nta wala maji ndani yake. Huyo simpi tarehe ya wiki ijayo. Nampima na kumpeleka kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zinazoweza kumsaidia hupoteza nguvu kadiri siku zinavyopita.

SALIM: Na anayedhani ni mafua tu, yatapita?

NEEMA: Aje hivyohivyo na mafua yake.