Chuo cha sheria: usiangalie jina kwanza

MWENDE: Tumepokea ujumbe kutoka Kayole, Nairobi. Binti amemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anataka kusomea sheria ili awatetee wapangaji wanaotupiwa vyombo nje. Nyumbani wanamsukuma achague chuo chenye jina. Otieno, ungemshauri vipi?

OTIENO: Kwanza, aangalie kama chuo kina leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria. Akikosea hapo, baada ya miaka minne ya shahada, Shule ya Sheria ya Kenya, ile inayoandaa mawakili kule Karen, huenda isimpokee.

MWENDE: Na alama yake ya Kiswahili au Kiingereza katika KCSE iwe angalau B.

OTIENO: Naam. Sasa tuje kwa wapangaji wake. Mikataba, ardhi, jinai, katiba, hayo atafundishwa kila mahali. Mimi ningeuliza kuhusu kliniki ya sheria: je, wanafunzi huketi na watu wenye kesi, wakiwa chini ya wakili? Huwa wanakwenda rumande? Au kliniki ni picha tu za siku ya uzinduzi?

MWENDE: Wengine watasema achague chuo cha dini, kama kile cha Kikatoliki pale Lang'ata, au Kabarak kule Nakuru. Angalau maadili yametajwa wazi.

OTIENO: Kama imani hiyo ni yake, vizuri sana. Lakini wito ulioandikwa langoni haunitoshi. Nataka kujua mwalimu anayefundisha haki za binadamu huwa anasimamia kesi za nani.

MWENDE: Mimi naongeza karo, na hapa nasema kwa uchungu. Tunazungumza maadili kana kwamba hayana bei. Kijana akitoka chuoni na deni kubwa, kisha aingie miezi sita ya uanagenzi, yaani mafunzo kazini chini ya wakili, akilipwa nauli tu, au asilipwe kabisa, atakwenda kwa yeyote atakayemlipa. Pengine ndiye wakili wa mwenye nyumba! Chuo cha bei nafuu kinaweza kumwachia uhuru wa kuwafuata wapangaji wake.

OTIENO: Sikuwa nimelitazama hivyo. Kweli kabisa. Basi aulize pia kuhusu ufadhili, na kama mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, utatosha.

MWENDE: Na watu hao wanamhitaji, Otieno. Katiba ya 2010, Kifungu cha 48, inaiagiza Serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki, na ada isiwe kizuizi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ikaja 2016. Bado mpangaji anasimama peke yake mbele ya hakimu.

OTIENO: Ndiyo maana nasema asingoje barua ya chuo. Korti za Milimani, hapa Nairobi, ziko wazi kwa umma. Aingie, aketi nyuma, asikilize. Kisha aende kwa shirika la Kituo cha Sheria, ambalo limekuwa kikiwasaidia wanyonge tangu 1973, aulize mawakili wa huko walisomea wapi na nini kiliwafaa.

MWENDE: Dada, ukishapata majibu yao, tuandikie kabla hujajaza fomu.