Gundi Inamfanyia Kazi Gani?

Ndugu zangu, walimu, wazazi, viongozi wa dini na mafundi mliofunga karakana zenu kuja hapa, asanteni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia watoto wa mitaani na vijana wasio na makazi waliozama kwenye dawa za kulevya. Nitaanza na swali ambalo, kwa haraka yetu ya kuokoa, huwa tunaliruka: hiyo dawa inamfanyia kazi gani mtoto huyu?

Maana kazi inamfanyia. Mtazameni mtoto anayevuta gundi. Chupa ameing'ata kwa meno, mikono yote miwili iko huru kushika gunia la makopo. Tumboni hamna kitu tangu jana, lakini njaa haimsumbui sana, gundi imeitia ganzi. Baridi ya usiku haisikii vizuri. Akipigwa, maumivu yanakuja kwa mbali. Wenzake wote wanavuta. Asipovuta si mwenzao, na mtaani asiye na wenzake halali. Kwa hiyo ukimwambia "acha gundi", umemwambia mambo manne kwa mkupuo: sikia njaa, sikia baridi, sikia woga, kaa peke yako. Ni mtu mzima gani kati yetu angekubali?

Sisemi kwamba gundi haina madhara. Gundi nyingi zina kemikali iitwayo toluini. Ikivutwa hupita mapafuni na kufika kwenye ubongo upesi sana, na baada ya miaka ya kuvuta huharibu ule utando wa mafuta unaofunika neva. Mtoto anaanza kutetemeka, kuyumba, kusahau. Figo nazo huumia. Na iko hatari nyingine ambayo natamani kila askari na kila mgambo aijue: kemikali hizi huufanya moyo uwe mwepesi mno wa kushtuka. Mtoto aliyetoka kuvuta, akitishwa na kukimbizwa, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika akafa palepale, hata kama ndiyo mara yake ya kwanza kuvuta. Nawaomba sana, mkimwona mtoto amelewa gundi, msimkimbize. Mwongeleshe taratibu, apate hewa safi, akae, na wewe ukae naye.

Ndiyo maana napinga misako. Gari linakuja usiku, watoto wanarushwa ndani, mji unaonekana msafi kwa siku chache, kisha watoto wanarudi wakiwa wamejifunza jambo moja tu: mtu mzima akikusogelea, kimbia. Atakayekuja kesho kwa nia njema, naye atakimbiwa. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kuzitaka nchi zifunge vituo vya kuwazuilia waraibu kwa lazima. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 39, unataka mtoto aliyetelekezwa au kuteswa asaidiwe kupona katika mazingira yanayojenga afya, kujiheshimu na utu wake. Utu haujengwi kwenye karandinga.

Sasa tufanyeje? Kazi inaanzia mtaani, na inakwenda polepole. Mtoa huduma anakwenda kijiweni kwao siku zilezile, saa ileile, na haahidi asichokiweza. Anasafisha vidonda. Anajua majina. Anamjua mkubwa wa kundi, kwa sababu mkubwa akikukataa, wadogo hawatakusogelea. Wiki za mwanzo habari ya dawa haitajwi kabisa. Wafadhili hawapendi kusikia hivyo, kwa kuwa hakuna cha kujaza kwenye ripoti, lakini mtoto aliyedanganywa na watu wazima wengi hawezi kukuamini kwa siku moja. Baadaye panapatikana mahali pa mchana: kuoga, kufua, kula, kucheza, kulala bila kupigwa teke. Akishalala vizuri mchana mmoja, kazi mojawapo ya gundi imekwisha kuchukuliwa.

Usiku wa kwanza kwenye nyumba ya malezi, msishangae akilala sakafuni karibu na mlango, viatu vikiwa miguuni. Nimewaona wengi wakifanya hivyo. Mtaani anayevua viatu usiku huamka peku. Mwacheni. Siku atakayovivua mwenyewe mtaiona, na kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko majibu ya kipimo cha mkojo.

Upande wa tiba nitapita haraka. Hakuna dawa ya hospitali ya kumtoa mtu kwenye gundi. Tiba yake ni chakula, usingizi, muda na watu. Heroini ni tofauti. Arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, hufika kileleni baada ya siku mbili tatu, kutapika, kuhara, mifupa kuuma, na methadoni au buprenofini, dawa za hospitali za kutibu uraibu huo, huituliza. Zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Kumfunga kijana minyororo mpaka arosto iishe ni ukatili, sina namna nyingine ya kulisema. Na aliyezoea pombe kali au vidonge vya usingizi asikatishwe ghafla bila daktari, kwa kuwa anaweza kupata degedege na kufa.

Udhaifu mkubwa uko siku ya kutoka. Kijana amemaliza miezi yake soba hausi, nyumba ya waraibu wanaoacha dawa, amenawiri, tunapiga picha, tunampa cheti. Halafu anakwenda wapi? Mwaka 1971 Marekani ilikuwa na hofu juu ya wanajeshi wake waliopata uraibu wa heroini Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi, akakuta kati ya waliokuwa waraibu kule, takriban 5 tu katika kila 100 walikuwa waraibu tena ndani ya mwaka wa kwanza. Walikuwa wamerudi kwa watu waliowajua kabla ya heroini, mbali na pale walipoizoea. Vijana wetu tunawatoa soba hausi na kuwarudisha moja kwa moja Vietnam yao, kisha tunawaita wakaidi. Na mwili uliokaa miezi bila heroini hauwezi tena kipimo cha zamani. Akijidunga kilekile, pumzi hukata. Waelezwe hilo waziwazi kabla ya kutoka, na naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha heroini, iwe karibu na wanaoishi nao.

Wengi hudhani jibu ni kumpandisha basi arudi kwao. Lakini alitoka kwao kwa sababu. Kama mkono uliompiga bado uko mle ndani, atarudi mtaani mapema. Nyumba itembelewe kwanza, zaidi ya mara moja, na wakati mwingine nyumba yake ya kweli ni kwa bibi au kwa shangazi. Wasichana wana shida yao ya ziada. Mara nyingi yupo mwanamume anayemlinda, anayempa dawa na kumtumia, kwa hiyo hata mtaani hawaonekani kwa wingi. Akipata ujasiri wa kuja akiwa na mtoto mgongoni, kituo kinamwambia hatupokei wenye watoto. Anarudi kwa yule yule.

Nyumba nyingi za malezi zina kanuni kwamba ukirudia dawa, unafukuzwa. Naielewa, wadogo lazima walindwe, na dawa zisiingie ndani. Lakini hilo linatatuliwa kwa kuwa na chumba cha pembeni na mtu wa zamu, si kwa kumfungia mlango mgonjwa kwa sababu ugonjwa wake umerudi.

Ombi langu kwenu mafundi wa gereji, wa cherehani, wa useremala: mpokeeni kijana mmoja mmoja. Mwanzoni mlipeni kwa siku, maana mshahara wa mwezi mzima mkononi kwa mara ya kwanza ni mtihani mzito. Mpeni kazi ya kweli, asifagie tu. Na asipotokea kazini, tupigieni simu siku hiyohiyo, kabla hamjampa mtu mwingine nafasi yake.